Maji ya visima vya mafuta yataandikwa kwenye daftari gani?

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ukurasa huu ulitoa barua ya msomaji aliyeudhiwa na watu wanaohoji maji machafu yatakayotoka kwenye visima vya mafuta vya Uganda. Hoja yake ilikuwa fupi: Oman walikuwa na tatizo hilohilo, wakapanda matete jangwani, matete yakasafisha maji, ndege wakaja, kwisha habari. Basi na kule Ziwa Albert wapande matete.

Matete hayo nimeyaona. Nilikaa Oman miaka kumi na tisa, na kumi na minne kati ya hiyo nilikuwa fundi sanifu wa maabara kwenye visima vya jangwani, mbali kabisa na Muscat. Kazi yangu ilikuwa kupima maji. Nikija likizo hapa Mabokweni wazee wa barazani walikuwa wakinicheka: mtu kaenda kwenye mafuta ya Waarabu miaka yote hiyo, ukimuuliza habari za mafuta anakusimulia maji. Sikuwalaumu. Hata mimi siku naajiriwa nilidhani kisima cha mafuta kinatoa mafuta.

Kinatoa maji. Miamba yenye mafuta ina maji ya kale yaliyojifungia humo tangu enzi na enzi, mengi yana chumvi, na mafuta yakivutwa juu nayo yanafuata. Kisima kikiwa kichanga maji ni kidogo. Kinavyozeeka, maji yanazidi na mafuta yanapungua, mpaka mwisho wake unaendesha kinu cha maji ambacho kwa bahati kina mafuta ndani. Ukichukua dunia nzima, pipa moja la mafuta hupanda na mapipa kama matatu ya maji. Nimr, kusini mwa Oman, penye hayo matete, ni kama mapipa kumi ya maji kwa pipa moja la mafuta. Pipa ni lita 159. Atakayependa azidishe mwenyewe.

Na maji hayo hayakai kama mchuzi wa papa uliopoa, mafuta juu na mchuzi chini. Ingekuwa hivyo tungeengua tukalala. Fikiria tui la nazi. Tui ni maji na mafuta, lakini ukitazama bakulini huoni mafuta wala huoni maji, unaona kitu kimoja cheupe. Liache usiku kucha: zito litapanda juu, chini patabaki maji yenye ukungu, na ukungu huo hautapanda upesi hata ukiukodolea macho. Kisimani ni hivyohivyo. Mafuta yakipita kwenye pampu na koki yanapondeka kuwa matone madogo mno, na tone likipungua upana kwa nusu, mwendo wake wa kupanda juu unakuwa robo ya ule wa kwanza. Mama yangu akitaka mafuta ya nazi hulichemsha tui mpaka likatike. Sisi tusingeweza kuchemsha mto.

Kwa hiyo maji hupitishwa hatua kwa hatua. Kwanza tangi kubwa, yatulie, ya juu yaenguliwe. Kisha mirija iliyochongoka mithili ya karoti: maji huingia kwa ubavuni yakizunguka kwa kasi, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko mafuta yanakimbilia ukutani, mafuta yanabaki katikati na kuchomolewa. Baada ya hapo viputo vya gesi hupulizwa kutoka chini, kila kiputo kikapanda na matone yake, juu likajikusanya povu la rangi ya kahawa linalokwanguliwa mchana na usiku. Mwisho chujio. Chujio letu lilijazwa maganda ya jozi yaliyosagwa, jozi zilezile ngumu zinazoliwa na tende. Maganda yake yanashika mafuta lakini hayayang'ang'anii. Ukiyasukutua yanaachia, unayatumia tena. Gunia la kwanza nilipolifungua nilidhani mzigo wa duka la kambi umepotea njia.

Sasa matete. Mwaka 2008 kampuni ya Petroleum Development Oman ilitiliana saini na Bauer ya Ujerumani kujenga bwawa la matete hapo Nimr. Kabla yake maji yalikuwa yakisukumwa chini kabisa ardhini kwa pampu kubwa zinazokula umeme usiosemeka. Mradi ulipoanza uliweza kupokea mita za ujazo 45,000 kwa siku, na baadaye ukapanuliwa ukapita 100,000. Maji yakishaondolewa mafuta yanayoondoleka kirahisi, yanatelemka yenyewe kwa mteremko kutoka kitalu hadi kitalu, bila pampu. Matete kwa kweli hayanywi mafuta. Yanatengeneza makazi tu. Wanaokula mafuta ni bakteria walioko kwenye mizizi na tope.

Nilipelekwa huko mara moja, safari ya siku, pamoja na wenzangu wa maabara. Nilikuwa na miezi sijaona jani bichi. Niliposhuka garini nikasikia upepo unapita kwenye majani kwa sauti ya shamba la miwa, nikasimama tu. Kwenye kitalu cha kwanza mashina yalikuwa na pete nyeusi pale maji yanapogusa, kama kikombe cha chai kisichooshwa. Tukashuka kufuata maji. Pete ikawa ya kahawia, kisha ya njano, kisha hakuna pete. Ndege walikuwa wengi, aina zaidi ya mia moja zimeshaorodheshwa hapo, maana ni njia yao ya kuhama na maili nyingi kandokando ni mchanga mtupu. Tulikuwa na mzee mmoja, Mwomani mzaliwa wa Unguja, sote tukimwita Ami. Nikamuuliza:

"Ami, mafuta yameliwa. Na chumvi je, inakwenda wapi?"

"Chumvi haina pa kwenda, mwanangu. Inakaa."

Akanionyesha kwa kidevu mabwawa ya mwisho, yale ya kukaushia, meupe mpaka macho yanauma.

Hapo ndipo ninapoachana na msomaji mwenzangu. Maji ya Nimr yana chumvi kiasi cha gramu 7 kwa lita. Ni kidogo ukilinganisha na bahari, ambayo ina kama 35, lakini zidisha kwa mita za ujazo 100,000: ni tani 700 za chumvi kila siku inayopambazuka. Matete hayagusi chumvi hiyo. Kinachoyaokoa mambo Oman ni jua na uhaba wa mvua. Maji yanakauka, chumvi inabaki bwawani, na hakuna mto karibu wa kuipokea. Buliisa, wilaya ya Uganda yenye visima hivyo kando ya Ziwa Albert, si jangwa. Mvua inanyesha, ziwa liko pale, watu wa Uganda na wa Kongo wanavua humo, na hapo karibu ndipo Mto Nile unapoingia ziwani ukitoka kwenye maporomoko ya Murchison. Bwawa la kukaushia maji mahali penye mvua ni bwawa la kujaza. Likifurika, linakofurikia ni ziwani. Matete tuwaachie Waomani, na hongera zao.

Waganda wenyewe hawakusema watapanda matete, na kwa hilo nawaunga mkono. Mpango uliotangazwa kwa visima vya Tilenga, ndio mradi huo wa Buliisa, ambavyo ni zaidi ya 400, ni kwamba maji yatakayotoka na mafuta yatatenganishwa kwenye kituo cha Kasenyi na kurudishwa chini kwenye miamba ileile yalikotoka. Ndiyo njia ninayoifahamu kuliko zote, na kwa mahali kama pale ndiyo inayofaa. Maji yanarudi kwao na chumvi yao, na yanasaidia kuyasukuma mafuta yaliyobaki.

Lakini kuna jambo nataka kuliungama, Mhariri, maana nimelibeba muda mrefu.

Kituo nilichofanyia kazi hakikuwa Nimr, na mwenye kituo sitamtaja. Kilikuwa kinarudisha chini maji yote. Kwenye ripoti. Maji ya kurudisha chini lazima yawe safi kiasi, kwa sababu mwamba ni kama kitambaa cha kuchujia: ukiulisha maji yenye mafuta na uchafu, matundu yake yanaziba. Kwetu kiwango kilikuwa mafuta yasizidi miligramu 40 kwa lita. Nilikuwa napima asubuhi na jioni. Asubuhi moja nikapata 210. Nikampelekea msimamizi. Hakukasirika wala nini, alikuwa anakunywa chai. Akasema, "Chukua tena." Nikachukua, 190. "Chukua tena." Mara ya tatu nikaelewa ninachoambiwa.

Wasiojua kazi hii niwaeleze. Mafuta yanapenda kuta za chupa. Kwa hiyo sampuli ya kweli inachukuliwa kwa chupa ya kioo, si ya plastiki, maana mafuta yanagandamia plastiki. Chupa haisuuzwi kwa maji yaleyale unayoyapima. Unatia tindikali papo hapo ili bakteria wasianze kula ushahidi. Na ukifika maabara unapima chupa nzima, hata kuta zake unazisukutua kwa kiyeyushi. Ukitaka namba nzuri, fanya kinyume. Fungua koki yatiririke kwanza mpaka yaje meupe. Tumia chupa ya maji ya kunywa. Iweke mezani nusu saa, mafuta yapande na mengine yagande ubavuni, halafu chota ya katikati taratibu. Hakuna uongo hata mmoja uliosemwa hapo. Mashine inasoma ilichopewa. Nilipata 38. Nikaandika 38 kwenye daftari la zamu, kwa mkono wangu huu, nikatia saini.

Nikaandika thelathini na kitu miezi kama mitano.

Mwamba haukusoma daftari. Shinikizo la kusukumia maji likawa linapanda kidogo kidogo, pampu zinalalamika, na wiki ya pili ya Ramadhani moja ikakatika. Kipuri kilikuwa kinatoka nje ya nchi. Visima vya mafuta havikufungwa, maana kila saa ya kufunga ni hasara, na maji yale yakaelekezwa kwenye shimo la dharura, shimo pana lililotandikwa nailoni nene. Siku kumi na moja. Siku ya nne nilizunguka ukingo wa shimo na tochi, nikaona nje ya ukuta mchanga umelowa kipande kama mkeka wa kuswalia. Kesho yake ulikuwa mikeka mitano. Nailoni ilikuwa imeachia kwenye mshono. Yakaletwa malori ya mchanga mkavu, yakafukia, na kwenye ripoti ya mwezi huo maji yaliyotoka na maji yaliyorudishwa yalikuwa sawasawa mpaka pipa la mwisho. Nilijua kwamba haiwezekani. Sikusema. Nilikuwa na watoto watatu shule na viza iliyoko mkononi mwa tajiri.

Simwambii mtu kwamba Uganda watafanya hivyo. Ninachosema ni kwamba nikisoma neno "yatarudishwa chini" silioni kama jibu. Ni mwanzo wa daftari. Mapipa mangapi yamepanda leo, mangapi yamerudi, na tofauti imekwenda wapi? Mafuta yaliyobaki ndani ya maji ni miligramu ngapi kwa lita? Nani alishika chupa, na mshahara wake unatoka kwa nani? Pampu ikifa, je, visima vinafungwa au kuna shimo? Kama kuna shimo, linameza maji ya siku ngapi? Nchi zinazochimba mafuta Bahari ya Kaskazini zimekubaliana maji yanayomwagwa baharini yasizidi miligramu 30 kwa lita kwa wastani wa mwezi, na Marekani kwa visima vyake vya baharini ni 29 kwa wastani wa mwezi na 42 kwa siku moja. Namba nzuri. Mimi nilikuwa fundi wa namba nzuri, ndiyo maana nauliza habari za chupa.

Na tuulize kwa kupanga muda. Miaka ya kwanza visima vitakuwa vichanga, maji yatakuwa machache, mitambo itang'aa, na kila wiki patakuwa na wageni wenye kofia ngumu wakipiga picha. Maji yatakuja baadaye. Mwaka wa kumi na tano, mafuta yamepungua, fedha za matengenezo zinabanwa, waandishi wameshahamia habari nyingine, hapo mapipa ya maji yatakuwa yameshayapita mapipa ya mafuta. Ningependa kuona kwenye mikataba sharti la mwaka wa kumi na tano limeandikwa kwa wino uleule wa mwaka wa kwanza.

Majirani zangu wataniuliza, sisi watu wa Tanga maji ya Uganda yanatuhusu nini? Bomba la mafuta hayo ya Uganda, la kilomita 1,443, linaishia Chongoleani hapa kwetu, na mafuta yake, ambayo ni mazito hata yabidi yapashwe moto njiani, yatakuwa yameshatenganishwa na maji hukohuko Uganda. Ni kweli, karibu yote. Lakini desturi ya biashara ya mafuta ghafi inaachia maji hadi kama nusu asilimia. Bomba likipitisha mapipa 200,000 kwa siku, nusu asilimia ni mapipa 1,000. Tuseme yawe robo ya hapo, na mengine yaende zake na meli; bado ni mapipa 250 kila siku yanayotulia chini ya matangi, yenye chumvi na kemikali, na kila tangi lina koki chini ya kuyatolea. Halafu kuna masika yetu. Uwanja wa matangi umezungushiwa kuta, na mvua ya milimita 50 ikinyesha siku moja juu ya hekta moja ni mita za ujazo 500 za maji yaliyopita juu ya sakafu yenye matone ya mafuta. Siku kama hizo Tanga tunazijua kwa majina. Maji hayo yatasafishwa kwanza ndipo yatoke, na yatatokea upande uleule wenye mikoko na majarife ya watu.

Mikutano niliyohudhuria huku kwetu ilizungumza fidia ya minazi na mikorosho, ajira za vijana, na hofu ya meli kupasuka. Yote haki. Fidia ya mnazi mmoja ilijadiliwa asubuhi nzima, na mzee mmoja alisimama mara tatu kwa mwembe wake uleule. Habari ya maji ilichukua dakika moja: tuliambiwa yatasafishwa kwa viwango vya kimataifa, tukapewa soda.

Kwa hiyo ombi langu ni kwenu gazetini. Mwandishi wenu akialikwa tena kutembezwa, iwe Kasenyi iwe Chongoleani, akishapiga picha za matangi aombe kupelekwa kwenye koki ya sampuli, pale maji yanapotokea baada ya kusafishwa. Ni koki ndogo ya chuma cha pua, kimo cha kiuno. Atazame sakafu chini yake. Koki inayofunguliwa kila siku ina doa chini, hata waoshe vipi, na pembeni lazima utakuta kitambaa kilichosahauliwa na kizibo cha chupa. Akikuta pameng'aa, aulize ni nani aliyekuja kuchukua maji mara ya mwisho, na aombe kuona chupa yake.

Wako,
Mpima maji mstaafu,
Mabokweni, Tanga